Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwigizaji Aliyesahaulika wa Filamu Bubu

Anayetaka kuandika wasifu wa mwigizaji wa kike wa miaka ya mwanzo ya filamu na aanze na jina, kwa kuwa ndilo litakalomsumbua zaidi. Florence Lawrence, kwa mfano, alizaliwa Hamilton, Kanada, akiitwa Florence Annie Bridgwood, kisha akatumia jina la jukwaani la mama yake, Lotta Lawrence. Atakayepekua rejista na sensa kwa jina la jukwaani pekee huenda akatoka mikono mitupu. Isitoshe, kampuni ya Biograph haikutangaza majina ya waigizaji wake, hata watazamaji wakamwita tu Msichana wa Biograph, kwa hiyo kazi zake za 1908 na 1909 hutambuliwa kwa kuukagua uso wake katika picha zilizosalia.

Baada ya hapo fungua magazeti ya biashara ya filamu, hasa Moving Picture World lililoanza 1907, lakini uyasome kwa shaka. Mwaka 1910, mtayarishaji wa filamu Carl Laemmle alipokwisha kumvuta Lawrence kwenye kampuni yake ya IMP, zilivuma habari kwamba mwigizaji huyo amegongwa na tramu akafa. Laemmle akalipia tangazo gazetini kuukana uongo huo, ambao wanahistoria wengi huamini aliutunga mwenyewe. Tangazo la namna hiyo hushuhudia kile ambacho kampuni ilitaka kiaminiwe, basi.

Hata jiwe la kaburi si ushahidi wa kutosha. Lawrence alifariki 1938, na kaburi lake Hollywood likakaa bila alama hadi 1991. Alama iliyowekwa inataja 1890 kuwa mwaka wa kuzaliwa, ilhali unaokubalika zaidi ni 1886. Nyaraka zilizoandikwa karibu na tukio zipewe uzito mkubwa.

Kuhusu filamu zenyewe, Maktaba ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2013 kwamba takriban asilimia 14 tu ya filamu ndefu bubu za Marekani za 1912 hadi 1929 zimesalia katika umbo lake la awali. Za kabla ya 1912 zina bahati kidogo: sheria ya hakimiliki haikuwa ikizitambua kama filamu, hivyo ili zilindwe kama picha za kawaida, kampuni ziliziwasilisha zikiwa zimechapwa kwenye karatasi ya picha, na karatasi hizo zimehifadhiwa katika maktaba hiyo. Katika orodha ya kazi za mwigizaji wako, tenganisha filamu ulizozitazama na zile unazozijua kwa tangazo tu.