Somo: Kuongoza msafara wa baiskeli wa klabu, Furahisha hadi Kisesa na kurudi

Somo hili ni la wanachama waliokubali kuongoza misafara ya Jumamosi. Tumeliandika kwa kufuata njia yetu ya hapa Mwanza: Furahisha, Mabatini, Nyakato, Igoma hadi Kisesa, karibu kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, kwa sababu ina karibu kila kinachosumbua: vituo vya daladala, matuta, malori ya barabara ya Musoma na mchanga pembeni ya lami. Atakayeimudu hii ataweza pia ya Buhongwa na Usagara.

Lishikeni hili kwanza: mwendo wa msafara ni mwendo wa aliye wa mwisho. Kiongozi anayejua kasi yake tu bado hajawa kiongozi.

Hatua ya 1: Tangazo lenye namba

Usiandike "mwendo wa kawaida". Kwa anayeendesha kila siku, kawaida ni kilomita 28 kwa saa. Kwa mgeni, ni 14. Andika umbali, kasi, vituo vya kupumzika na saa ya kurudi. Mfano: "Kilomita 40, mwendo wa 15 hadi 17 kwa saa, tunapumzika Igoma na Kisesa, hakuna atakayeachwa." Piga hesabu mapema: kilomita 40 kwa mwendo wa 16 ni saa mbili na nusu za kuendesha. Ongeza dakika 45 za mapumziko na pancha moja. Mkiondoka saa 1:00 asubuhi, mtarudi saa 4:15, jua halijawa kali na upepo wa ziwani haujashika kasi. Hapa Mwanza msiondoke kabla ya saa 1:00 bila taa. Miezi kama Februari jua huchomoza ikikaribia saa hiyo.

Taja pia baiskeli zinazokubalika. Kama ni zote, sema zote, za mizigo zikiwemo. Wengi hawaji kwa kudhani klabu ni ya wenye baiskeli nyembamba na nguo za kubana.

Hatua ya 2: Watu watatu kwa kila kundi

Kundi moja lisizidi watu 12. Wakiwa 20, gawa makundi mawili yaachane mita 200 au zaidi, ili gari lililopita kundi la kwanza lipate nafasi ya kurudi upande wake kabla ya kulifikia la pili.

Kiongozi wa mbele anajua njia na ana subira. Wa katikati anapeleka maneno mbele na nyuma. Mfunga msafara ndiye awe mwenye nguvu kuliko wote, maana husimama na kila anayesimama, kisha lazima aweze kulifikia kundi. Klabu nyingi humweka mwenye nguvu mbele. Hapo ndipo wageni wanapopotea.

Mfunga msafara abebe:
- pampu na tyubu za saizi zilizopo kwenye kundi (inchi 26, inchi 28, na za baiskeli nyembamba)
- viraka, solusheni, msasa na vyuma vya kutolea tairi
- spana namba 15 kwa nati za magurudumu, na funguo za pembe sita za milimita 4, 5 na 6
- vile vimpira vyembamba vya vali za baiskeli za mizigo, vitano au sita. Kimpira kikichanika, upepo unatoka taratibu, na mtu hutafuta pancha isiyokuwepo.
- glavu, bandeji, maji ya ziada na vesti ya rifleksa

Hatua ya 3: Ukaguzi, dakika mbili kwa baiskeli

Upepo, breki, cheni, nati. Tairi nyembamba ya milimita 28 inataka paundi 70 hadi 85 kulingana na uzito wa mtu; ya baiskeli ya mlimani 30 hadi 40. Tairi legevu hubanwa kati ya jiwe na rimu, na tyubu hutoboka mashimo mawili yanayotazamana. Ukiyaona hayo mawili, usilaumu msumari, jaza upepo zaidi.

Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli: gurudumu la nyuma liinuke kidogo. Kwa breki za vyuma za baiskeli za mizigo halitainuka, ila baiskeli isisogee. Kisha shika tairi, litikise kushoto na kulia. Likicheza, nati imelegea au gololi zimekwisha. Kofia ngumu ikae vidole viwili juu ya nyusi, na kidole kimoja tu kipite chini ya mkanda kidevuni.

Asiyepita ukaguzi asaidiwe, asifukuzwe. Ndiyo maana mnakutana saa 12:40.

Hatua ya 4: Maneno ya dakika tano

Salimieni, wageni watajwe majina, na kila mgeni apewe mwenza wa kuwa naye njia nzima. Kisha toa ishara, nazo ziwe chache: mkono juu ni kusimama, kidole chini ni shimo, kiganja kinachopungwa chini ni mchanga. Na kwa sauti: "Tuta!", "Shimo!", "Gari nyuma!" Kila anayesikia arudie, maana upepo hula sauti na wa sita hasikii kitu.

Neno moja limepigwa marufuku kwenye makutano: "Pita, salama!" Njia iliyokuwa salama kwa wa kwanza si salama kwa wa nane aliye mita 30 nyuma. Kila mtu ageuze shingo aangalie mwenyewe.

Hatua ya 5: Barabarani

Mjini na kwenye barabara kuu, nendeni mstari mmoja, upande wa kushoto, kiasi cha mita moja kutoka ukingo wa lami. Anayejibana ukingoni anaishia kwenye mchanga. Na akishatoka kwenye lami, asijaribu kurudi kwa kunyoosha usukani kidogo kidogo. Ukingo uliokatika hulishika tairi la mbele kwa ubavu na mtu anaanguka kuelekea kwenye magari. Apunguze mwendo, aangalie nyuma, apande kwa kuukata ukingo karibu mraba. Ukiwa mrefu, ashuke.

Acheni nafasi ya baiskeli moja kati ya mtu na mtu, na mbili au tatu kwa mgeni. Tairi lako la mbele lisipishane ubavuni na tairi la nyuma la mwenzako. Yakigusana, wa mbele mara nyingi anaendelea, wewe wa nyuma ndiye unayeanguka, maana usukani wako umezuiwa.

Sasa matuta. Kiongozi akishavuka tuta na kukanyaga kwa nguvu, wa kumi bado anashika breki. Pengo linafunguka, wa kumi analifukuza kwa kasi ya 25, na baada ya matuta matano amekwisha. Dawa ni ndogo: ukivuka tuta au rasta, kanyaga kwa wepesi huku ukihesabu hadi 20, ndipo urudi mwendo wenu. Fanya vivyo hivyo baada ya kila kona.

Kwenye vituo vya Buzuruga, Nyakato na Igoma, haisi hukata kushoto ghafla kufuata abiria. Iliyosimama ipiteni kulia baada ya kuangalia nyuma, mkiacha nafasi ya mlango, wala msipite kati yake na abiria.

Hatua ya 6: Kusubiri

Juu ya kila mlima, simameni nje ya lami. Wa mwisho akifika, msiondoke. Aliyechoka kuliko wote asipate mapumziko mafupi kuliko wote! Anywe maji, apumue, kisha kiongozi amuulize yeye, si wale waliotangulia: "Tuondoke?"

Maji ni nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Safari ikizidi saa moja na nusu, kuleni: ndizi mbivu, kiazi kitamu, vitumbua viwili.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nyegezi: Vijana wenye kasi wakichomoka mbele, tuwafukuze?
Hapana. Ukiwafukuza umelivunja kundi. Kabla ya kuondoka, wapeni sehemu maalumu ya kukimbia, kama baada ya Nyamhongolo, na mahali pa kusubiri. Wakirudia kuchomoka, wapangieni siku yao yenye mwendo wao.

Mwanachama wa Buswelu: Wanangu, nina miaka 56 na baiskeli yangu ya breki za vyuma, ile ya kubebea mzigo. Nitawachelewesha?
Shikamoo mama. Karibu sana, na mwendo utapangwa kwako. Kaa karibu na mfunga msafara, acha nafasi ya baiskeli tatu mbele yako. Mvua ikinyesha ongeza mara mbili, kwa kuwa rimu ya chuma ikilowa breki huchelewa sana kushika. Ukivaa sketi au kitenge, funga upande wa cheni. Mipira ya breki tutaikagua pamoja saa 12:40.

Mwanachama wa Igombe: Tukimaliza safari kwa njia ya ziwani, tunaweza kunawa na kupoza miguu majini?
Msiingie. Kichocho kipo Ziwa Victoria, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi nzima bila jeraha, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Beba maji ya bomba ya kunawia. Bebeni na miwani. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija kwa wingu, huingia machoni.

Mwanachama wa Mkolani: Mvua ya radi ikitukuta njiani?
Ingieni kwenye jengo au gari lililofungwa. Si chini ya mti, wala kando ya mawe makubwa ya vilimani. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mkirudi barabarani, mistari myeupe iliyolowa huteleza. Msipige breki juu yake.

Mwanachama wa Kirumba: Mtu akianguka, nani afanye nini?
Kundi zima litoke kwenye lami. Mmoja avae vesti ya rifleksa arudi mita 50 nyuma kupunguza mwendo wa magari. Mfunga msafara abaki na majeruhi. Akilalamika shingo au mgongo, msimwinue, isipokuwa yuko njiani mwa magari. Damu inayotiririka ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kufunuafunua. Aliyepiga kichwa, akatapika, akasahau siku au akarudia swali lilelile, aende hospitali ya Bugando au Sekou Toure hata kama anasema yuko sawa, na asiendeshe tena siku hiyo. Polisi ni 112. Kabla ya kuondoka Furahisha, kila mtu awe amempa mfunga msafara namba ya ndugu wa kupigiwa, imeandikwa kwenye karatasi, maana simu ya majeruhi mara nyingi huwa imefungwa kwa namba ya siri au imepasuka.