Anza na mgongo wa spika: kupanga amplifaya ya waimbaji wa taarabu

Kwenye taarabu watu wanafuata maneno. Mama akinyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji, kuna mstari mmoja umemgusa. Mstari huo ukimezwa na spika inayokoroma, noti inabaki mkobani. Nimefanya kazi ya mitambo hapa Tanga miaka 16, harusi za uani, kumbi na kaswida za Maulidi, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwanzishia hapo: kabla ya besi na kabla ya taa, neno lifike kwa bibi aliyekaa kiti cha mwisho chini ya turubai.

Anayetaka kununua mitambo huniuliza, "Nichukue amplifaya ya wati ngapi?" Namwambia ageuze kwanza spika zake tusome mgongoni. Spika ndiyo inayochagua amplifaya.

Namba ya kutafuta kwanza ni omu, wati zitafuata. Omu ni ukinzani wa spika dhidi ya umeme: zikipungua, amplifaya inalazimika kutoa mkondo mkubwa zaidi na inachemka zaidi. Spika nyingi za jukwaani ni omu 8, chache ni 4. Ukitoa waya kutoka spika ya kwanza kwenda ya pili kwa yale matundu mawili ya nyuma, umeziunga sambamba, na omu hazijumlishwi, zinashuka. Mbili za omu 8 zinakuwa 4, nne zinakuwa 2. Ukichanganya ya 8 na ya 4 unapata kama 2.7, tena ile ya 4 inabeba wati mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo usichanganye. Sasa tazama nyuma ya amplifaya imeandikwa mwisho omu ngapi kwa kila chaneli, yaani kila njia ya kutolea sauti. Zipo zinazokubali 2, lakini kwa joto letu la Januari mimi siendi chini ya 4.

Hili nililipia. Harusi moja Muheza, chaneli B nilikuwa nimeipa monita, ile spika inayomgeukia mwimbaji ajisikie, nikaning'iniza spika nne za mbele, za omu 8, zote kwenye chaneli A. Amplifaya yenyewe imeandikwa mwisho wake omu 4. Saa nzima ya kwanza ikalia vizuri, nikajiona nimepata. Mwimbaji alipoingia kwenye kiitikio ambacho ukumbi mzima ulikuwa unakisubiri, taa ya ulinzi ikawaka na kila kitu kikazima. Akabaki anaimba kwa sauti tupu, wapambe wakimpigia makofi kumbeba mpaka mwisho wa ubeti. Niliweka kiganja juu ya amplifaya, sikuweza kukiacha hata kwa kuhesabu tatu. Ikapoa, ikawaka, ikazima tena. Nilipotoa spika mbili ilitulia mpaka alfajiri, na mbili zile zilitosha.

Kama maandishi ya mgongoni yamefutika, pima kwa mita. Spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Mita isiposoma chochote, ama koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma spika, imekatika ama waya wa ndani umechomoka. Ila mita haikwambii habari za twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, kwa kuwa twita hukaa nyuma ya kapasita na kipimo hakivuki hapo. Spika inaweza kusoma 6 safi huku twita imekufa zamani. Kuisikia ni rahisi: mwambie mtu aseme "chumba" halafu "fumba". Twita ikiwa imekufa, maneno hayo mawili yanakaribiana mno, na mafumbo ya taarabu hayavumilii kosa la namna hiyo.

Tuje kwenye wati. Spika ninazozitumia ni za inchi 12 zenye horni (ule mdomo mpana wa kutolea sauti za juu), omu 8, na mgongoni zina namba tatu: 300 Continuous, 600 Program, 1200 Peak. Muuzaji atakutajia 1200. Wewe shika ile ya chini kabisa, ndiyo mzigo ambao koili inaubeba muda mrefu bila kuungua. Pengine imeandikwa RMS. Na ukiona kifaa kimeandikwa PMPO wati elfu kadhaa, ipuuze namba hiyo, haina kazi katika hesabu yetu.

Amplifaya yangu inatoa wati 500 kwa omu 8 na 800 kwa omu 4, kila chaneli. Spika mbili sambamba ni omu 4, basi kila moja inagawiwa 400. Spika ya 300 inapata 400, yaani mara 1.3. Hapo ndipo ninapopataka kwa kazi ya sauti za watu, na nieleze kwa nini.

Sauti ya mwimbaji haiendi kwa kiwango kimoja. Ananong'ona, anavuta pumzi, halafu anaachia. Kile kilele cha kuachia kinaweza kuhitaji nguvu mara 10 na zaidi ya wastani wake. Amplifaya ndogo ikikosa nafasi hukikata kilele, taa nyekundu ya klipu inawaka, wimbi linakuwa bapa. Wimbi bapa linaongeza wastani wa nguvu, na pia linazalisha sauti kali nyingi za juu ambazo zote zinaelekea kwenye twita, nayo uwezo wake ni mdogo sana kuliko wa wufa, ile spika kubwa ya sauti za chini. Ndiyo maana amplifaya dogo lililokamuliwa usiku kucha huunguza twita, watu wakashangaa.

Mafundi wengi watakwambia uende mpaka mara mbili, 600 kwa spika ya 300. Ni sawa ukiwa na limita (kifaa cha kuzuia sauti isipite kiwango) iliyopangwa vizuri na mtu makini hatoki kwenye mikseri. Lakini kwenye harusi zetu mjomba atachukua maiki na kusimama nayo mbele ya spika. Mluzi wa maiki hauna pumziko kama wimbo: ni sauti moja inayosukuma nguvu yote iliyopo mpaka uizime. Kwa hiyo bila limita mimi nabaki kati ya mara 1.3 na 1.5.

Kuna namba nyingine mgongoni au kwenye karatasi yake ambayo karibu hakuna anayeiuliza, nayo ni desibeli kwa wati moja umbali wa mita moja. Yangu ni 97. Ukinunua ya 91 kwa sababu ni rahisi, itataka wati mara nne ili ifikie sauti ile ile. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo bibi wa kiti cha mwisho hataitambua sana. Na mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili unapoteza desibeli 6. Kwa hiyo kabla ya kununua amplifaya kubwa zaidi, tafuta spika yenye desibeli nyingi, na uinyanyue juu ya stendi mpaka horni ipite vichwa vya waliokaa mbele.

Waya nao unakula. Ule mwembamba wa milimita za mraba 0.75 unaouzwa kwa ajili ya taa, ukiuvuta mita 20 kwenye mzigo wa omu 4, spika zinakosa karibu theluthi ya nguvu ambayo zingepata. Tumia 2.5 ya shaba. Na usiunge spika kwa waya wa maiki hata kama jeki inaingia.

Usiweke amplifaya kwenye bridge, yaani kuziunganisha chaneli zake mbili zisukume mzigo mmoja, kwa kazi hii. Spika ya omu 8 kwenye bridge kila chaneli inaiona kama 4, mbili inaziona kama 2, na tumeshaona Muheza ilikuwaje. Zile spika za mabomba za msikitini za laini ya volti 100 zina transfoma ndani na hesabu yake ni ya wati. Zisiguse amplifaya hii.

Siku ya kazi, washa mikseri kwanza na amplifaya mwisho, wakati wa kuzima anza na amplifaya. Kila maiki ya mwimbaji ikate besi chini ya hezi 100, maana huko kuna mshindo wa mkono kwenye maiki na upepo, na wufa inahangaika bure. Mwambie aimbe kwa nguvu zake zote, sio "moja mbili, moja mbili". Pandisha mikseri mpaka karibu na nyekundu bila kuigusa, kisha ndipo ufungue amplifaya taratibu. Na ujue kitufe cha amplifaya kikiwa nusu hakijapunguza wati: mikseri ikileta moto, amplifaya itatoa zote.

Halafu mimi namwacha kijana kwenye mikseri, natembea mpaka kiti cha mwisho, nakaa. Mwimbaji anaghani ubeti mmoja bila kinanda wala ngoma. Nikizipata "s" na "sh" zake zote bila kukaza shingo, nanyoosha mkono juu, waanze.