Somo: Kuziba visima vya uchunguzi kwenye sheli iliyofungwa

Wakuu, wengi wakiambiwa wafunge visima hivi, yaani mabomba membamba yaliyozamishwa ardhini ili kuchota sampuli za maji na kuona kama mafuta ya sheli yamevuja, humwaga zege mdomoni wakaondoka. Nimewahi kufukua kimoja kilichofungwa hivyo: juu zege safi ya unene wa kiganja, chini bomba tupu, na harufu ya petroli ikanipanda puani. Bomba kama hilo linashusha uchafu moja kwa moja kwenye maji wanayochota majirani.

Hatua ya 1. Kibali. Kwa Tanzania, onana na NEMC (baraza la taifa la mazingira) na bodi ya maji ya bonde lenu. Dar es Salaam ni Wami/Ruvu. Ukishaziba hupati tena sampuli, kwa hiyo majibu ya maabara yasiporidhisha, kisima kibaki.

Hatua ya 2. Shusha tepu hadi chini, ulinganishe na kumbukumbu za uchimbaji. Karatasi ikisema mita 12 na tepu ikagota mita 9, kuna tope au kitu kimedondoka, kitoe kwanza. Ukikuta mafuta yanaelea juu ya maji, simamisha kazi utoe taarifa. Sigara na grainda vikae mbali.

Hatua ya 3. Uji wa saruji. Bomba la inchi 2 linabeba lita 2 na kidogo kwa kila mita, yaani kama lita 25 kwa mita 12. Andaa zaidi, maana uji mwingine hupenya kwenye matundu ya bomba. Koroga bentonaiti (unga wa udongo unaovimba ukilowa) kilo 2 kwenye maji safi lita 30 hadi 35, iache ivimbe, ndipo utie mfuko wa saruji wa kilo 50.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi ilipo. Usimwage kutoka juu: uji utachanganyika na maji, au utakwama njiani uache uwazi chini. Shusha mpira mwembamba hadi kitakoni, sukuma uji kwa pampu, na unapouvuta mpira taratibu, ncha yake isitoke ndani ya uji. Maji yatapanda, yakinge kwenye pipa, yasiende mtaroni. Endelea mpaka kinachotoka juu kiwe kizito kama ulichokoroga.

Hatua ya 5. Kesho yake uji utakuwa umeshuka; ongeza. Ukishaganda, chimba pembeni, kata bomba mita 1 chini ya ardhi kwa msumeno wa mkono, ng'oa mfuniko, fukia. Andika mahali, kina, lita zilizoingia na tarehe.

MASWALI

Mkuu, kwa nini tusijaze kokoto tu? Ni rahisi.
– Kokoto hupitisha maji, ndugu yangu. Utakuwa umefukia kisima, hujakiziba.

Bomba lazima litolewe?
– Kumbukumbu zikionyesha nje ya bomba pamezibwa vizuri, liache. Likiwa limepasuka, au kumbukumbu hakuna, leta mashine ya kuchimba ulitoe.

Maji ya kwenye pipa je?
– Funga pipa, libandike lebo, mpe mwenye kibali cha taka hatarishi.

Jirani wa sheli ana kisima, maji hayanuki. Ni salama?
– Pua haitoshi. Ukomo wa WHO wa benzini (sumu iliyomo ndani ya petroli) kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, na pua hainusi mpaka izidi hapo mara nyingi sana. Mpelekee sampuli maabara kabla hamjaziba vyenu.