SOMO: Mikanda ya nishati ya tabaka moja la MoS2 (molibdeni disulfidi) kwa Quantum ESPRESSO, programu ya kukokotoa tabia ya elektroni katika mata

Swali la kwa nini pengo la nishati (nafasi kati ya mikanda iliyojaa elektroni na iliyo tupu) halilingani na la kwenye makala za utafiti limeulizwa mno, kwa hiyo atakayeliuliza tena ataelekezwa hapa.

1. Andaa seli ya pembesita yenye atomu tatu, upande wake angstromu 3.18 hivi.

2. Tumia sudopotenshali (faili zinazowakilisha kiini cha atomu na elektroni zake za ndani) za PBE pekee, yaani kadirio la kawaida la mwingiliano wa elektroni, bila kuchanganya.

3. Ongeza kikomo cha nishati (cha mawimbi yanayoelezea elektroni) na nukta za k (sampuli za vekta za mawimbi hayo) hadi nishati ya jumla itulie. Kwenye mhimili wa z nukta moja inatosha, mfano 12×12×1.

4. Ombwe. Programu hurudufu seli pande zote, hata juu na chini, kwa hiyo tabaka lako lina majirani usiowakusudia mpaka uwatenge kwa angstromu 15 hadi 20 za nafasi tupu. Tabaka lenyewe lina unene wa angstromu 3.1 hivi kutoka salfa hadi salfa, basi ukiandika c (urefu wa seli kwenye z) = 15 umebakiwa na 12 tu. Unapolegeza seli kwa vc-relax (hesabu inayorekebisha atomu na vipimo vya seli pamoja), weka cell_dofree = '2Dxy', la sivyo c nayo itabadilika. Tahadhari nyingine: mkazo unaochapishwa umegawanywa kwa ujazo wote pamoja na ombwe, hivyo usiunukuu kama mkazo wa tabaka.

5. Chora mikanda kupitia Γ–M–K–Γ, nukta maalum za k za seli ya pembesita. Pengo liwe kwenye K, takriban eV (elektronivolti) 1.7.

Swali: Pengo langu ni dogo na haliko kwenye K. Programu ina kasoro?

Jibu: Hujaandika c wala idadi ya atomu.

Swali: c ni 12.3, atomu sita.

Jibu: Hiyo ni kristali nene, yenye matabaka mawili kwa seli. Rudi hatua ya 1.

Swali: Mwalimu, PBE hupunguza pengo, mbona 1.7 inakaribia 1.8 hadi 1.9 ya vipimo vya mwanga?

Jibu: Umeuliza vyema. Mwanga hupima eksitoni, yaani elektroni na tundu vilivyoshikana, na katika tabaka moja mshikamano huo ni mkubwa kwa sababu chaji hazikingwi vya kutosha. Pengo halisi la elektroni, kwa mbinu ya GW, iliyo sahihi kuliko PBE, huzidi eV 2.4, hivyo kukaribiana huko ni makosa mawili yanayofutana: PBE hupunguza pengo, na mshikamano wa eksitoni hupunguza kipimo cha mwanga.

Mchango: Anayetaka mpasuko wa eV 0.15 hivi wa mkanda uliojaa kwenye K, utokanao na spini ya elektroni, atumie sudopotenshali za urelativu kamili (zenye athari ya spini na obiti), maana za kawaida hazitauonyesha hata akiwasha lspinorb, swichi ya athari hiyo.