Namna ya Kukamua na Kutumia Mafuta ya Korosho kwa Chakula na kwa Ngozi

Korosho moja ina mafuta ya aina mbili, na anayetaka kuyatumia mezani au mwilini hana budi kuyatofautisha kabla ya kununua hata chupa moja. Mafuta ya kiini, yaani ya sehemu inayoliwa, ni ya manjano hafifu, ni mepesi na hunukia korosho. Mafuta ya ganda ni mazito, yana rangi ya kahawia inayokaribia weusi na harufu kali, na kazi yake ni ya viwandani, kama vile kutengenezea rangi, vanishi na breki za magari. Kina mama wanaobangua korosho Newala na Tandahimba wanayafahamu vizuri: tone moja likigusa kidole kisicho na majivu wala glavu, ngozi huwasha, hugeuka nyeusi, kisha hubambuka. Kwa hiyo mafuta ya ganda yasipakwe mwilini kwa sababu yoyote ile, hata kwenye magaga au sugu. Muuzaji asiyeweza kueleza mafuta yake yametoka sehemu gani ya korosho aachwe na chupa yake.

Kwa kukamua, nunua vipande vya korosho zilizokwisha kubanguliwa na kumenywa ngozi ya ndani. Korosho nzima hupata bei nzuri zaidi sokoni, na kuzikamua ni kupoteza fedha, kwa kuwa mafuta ya kipande hayapungui chochote kwa ubora. Kabla ya yote, mimina vipande kwenye ungo na uvichambue kwa macho, ukitoa kila kilichoota ukungu, kilichobadilika rangi au kilichotobolewa na wadudu. Kazi hii isifanywe kwa haraka, kwani ukungu unaweza kuacha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa jikoni.

Karibu asilimia 45 ya uzito wa kiini ni mafuta, ila hakuna njia ya nyumbani itakayoyatoa yote. Njia iliyo bora ni kutumia mashine ndogo ya kukamulia, ya aina inayotumika kwa ufuta au alizeti, mradi mwenye mashine akubali kuisafisha kwanza na mafuta ya mwanzo yatengwe, maana huwa yamechanganyika na masalia ya mbegu nyingine. Asiye na mashine atwange vipande katika kinu kikavu mpaka viwe rojo zito, akande rojo hilo huku akinyunyiza maji ya moto kijiko kimoja kimoja hadi mafuta yaanze kujitenga, kisha alikamue kwa kitambaa safi cha pamba. Mafuta yaliyopatikana hivyo ni lazima yabandikwe kwenye moto mdogo mpaka yaache kutoa mapovu, kwa sababu maji yakibaki ndani, mafuta yataharibika mapema. Asitarajie kupata mengi: korosho ina wanga wa kutosha, na wanga huo hushikilia mafuta kuliko inavyokuwa kwa karanga.

Yaache yatulie siku mbili au tatu, kisha mimina ya juu polepole kwenye chupa ya kioo cheusi iliyokauka kabisa, uifunike vizuri na kuiweka mbali na jiko na dirisha. Joto la pwani huyaharibu upesi, hivyo ni afadhali kukamua kidogo kila mara kuliko kujaza dumu. Yakianza kunuka kama rangi ya mafuta au kuacha uchungu ulimini, hayafai tena kwa chakula wala kwa ngozi.

Mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, yasitupwe. Mafuta ya korosho husifiwa mara nyingi kwa magnesiamu na shaba, lakini madini hayo hayaingii katika mafuta. Hubaki kwenye mashudu pamoja na protini. Mashudu yaliyotoka kwenye korosho safi huungia kisamvu vizuri sana, na pia huongezwa kwenye uji wa watoto wasio na mzio wa korosho.

Katika chakula, faida kubwa ya mafuta haya iko katika aina ya mafuta yenyewe. Takriban asilimia 60 ni asidi ya oleiki, ileile iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, wakati mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina inayoganda, ambayo ikizidi hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Faida hiyo hupatikana yanapochukua nafasi ya mafuta mengine. Aliyekwisha kuunga mbaazi kwa tui zito kisha akamiminia mafuta ya korosho juu yake ameongeza nishati tu, na kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori zipatazo 120. Yatie mwishoni, chakula kikiwa kimeshaiva: juu ya ming'oko (viazi vya porini) iliyochemshwa, kachumbari au samaki wa kuchoma. Kukaangia maandazi kwa mafuta haya ni ubadhirifu, na chembe zilizomo huungua haraka.

Kwa ngozi, kazi yake ni kuzuia unyevu usitoke, wala hayaleti unyevu wenyewe. Ndiyo maana hupakwa mara baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na majimaji, matone machache tu yakisuguliwa viganjani kwanza. Miezi ya kusi, baridi inaposhika uwanda wa Makonde na visigino kupasuka, loweka miguu katika maji ya vuguvugu, isugue, ipake na uvae soksi usiku. Usiyapake kwenye kidonda au palipoungua, na kwa mtoto mchanga uliza kwanza kliniki.

Mwenye mzio wa korosho asiyaguse kabisa, kwa kuwa mafuta yasiyosafishwa kiwandani huweza kubeba protini zinazoamsha mzio. Wengine wajaribu tone moja ndani ya mkono, karibu na kiwiko, na kusubiri siku nzima. Pakivimba au kuwasha, waache. Aidha, mafuta haya hayakingi jua, na watu wenye ualbino wasiyatumie badala ya losheni maalumu, kofia pana na nguo za mikono mirefu.