Kugeuza CZ 75 ya milimita 9 ipige risasi za .22 kwa mashindano

Mwongozo huu unahusu bastola ya CZ 75 ya kaliba ya milimita 9 inayofungwa seti ya Kadet, iliyotengenezwa na kiwanda hichohicho cha Ucheki ili silaha hiyo ipige risasi za .22 (kipenyo cha inchi 0.22). Risasi ya .22 ina uzito wa takriban gramu 2.6, ilhali ya milimita 9 huwa karibu gramu 8, hivyo msukumo wake mkononi ni mdogo sana na mpigaji anaona vizuri makosa ya kidole chake. Zaidi ya hayo, shindano la bastola la mita 25 katika kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, ni la risasi za .22.

Kabla ya kununua chochote, nenda polisi. Silaha nchini Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na seti hii ina mtutu wake wenyewe, kwa hiyo uliza kwa maandishi kama leseni uliyonayo inautosha mtutu huo pamoja na risasi za kaliba mpya, kisha usubiri jibu la maandishi. Mtu asikuambie kwamba hicho ni kipuri tu.

Anza kwa kutoa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayosogea) nyuma, tazama ndani ya chemba (tundu la mtutu ambamo risasi hukaa), kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe kwamba hakuna kitu. Risasi za aina zote zikae chumba kingine. Kwenye CZ 75 kuna alama mbili ndogo upande wa nyuma, moja kwenye slaidi na nyingine kwenye fremu, yaani mwili wa chini wa bastola. Sogeza slaidi nyuma kidogo mpaka zilingane, ukiishikilia hapo sukuma kizuizi cha slaidi kutoka kulia kwenda kushoto, nacho kitatoka. Slaidi itateleza mbele pamoja na mtutu na springi yake. Zifungie pamoja kwenye mfuko mmoja.

Sehemu ya juu ya Kadet huingia kwa njia ileile, lakini ndani yake utendaji ni tofauti. Mtutu wa milimita 9 hufungamana na slaidi kisha huinama ili kufunguka, ule wa.22 umetulia mahali pake, na kinachorudi nyuma ni kipande cha nyuma tu, kwa nguvu ya ganda lenyewe. Seti mpya huweza kubana kwenye reli za fremu. Ikibana, usishike tupa ya kusugulia chuma. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, kwa sababu chuma kikishapunguzwa hakirudi.

Pini ya kupigia hapa hugonga ukingo wa ganda, maana fataki inayowasha baruti imo ndani ya ukingo huo. Ukifyatua chemba ikiwa tupu mara kwa mara, pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza kidogo, na baadaye maganda yatakataa kutoka. Tumia maganda ya plastiki ya mazoezi.

Kazi ya kweli huanzia uwanjani. Nunua boksi moja moja la aina nne au tano za risasi, ukipendelea za mwendo wa chini ya kasi ya sauti, karibu mita 320 kwa sekunde, kisha upige raundi kumi za kila aina ukiwa umeegemeza mikono. Yangu ilikataa aina ya bei ghali na ikapenda ya kawaida, sikubishana nayo. Ukifyatua risasi isiwake, iache bastola imeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua, kwani baruti huweza kuchelewa kushika. Mimi niliwahi kuvuta slaidi papo hapo, na mzee aliyekuwa pembeni akaniambia, "Kijana, weka chini, urudi nyuma." Nilirudi nyuma. Risasi hiyo haikuwaka, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi nikafunga mkoba. Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, acha kabisa na ukague mtutu.

Sasa pima uzito wa traiga, yaani kifyatulio: kanuni za mita 25 zinataka isiachie chini ya gramu 1000. Mizani ya kuning'iniza inatosha kwa mazoezi, lakini fundi ndiye arekebishe.

Mwisho ni usafi. Risasi za .22 za kawaida zina vichwa vya madini ya risasi visivyofunikwa, vilivyopakwa nta, nazo huacha uchafu mwingi kuliko za milimita 9. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi, na ukikaa Kigamboni au Masaki utaona kutu usiku mmoja tu baada ya kutoka uwanjani. Safisha siku hiyohiyo, paka mafuta kidogo sana, na usiiweke bastola ndani ya mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma.