Namna ya Kufunga Koki kwa Tredi Tepu Bila Kuacha Mvujo

Tredi tepu, ule utepe mweupe unaouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi na ambao kwa kawaida una upana wa milimita 12, si gundi, na haushikilii bomba mahali pake. Hata tredi, yaani mifereji ya skrubu ya bomba na koki, zikazwe vipi, kati ya dume (upande unaoingia) na jike (upande unaopokea) hubaki upenyo mwembamba unaozunguka hadi nje, na maji huufuata huo. Tepu huuziba, na kwa kuwa inateleza, huiwezesha koki kuingia ndani zaidi kabla ya kukaza.

Tuchukue koki ya nusu inchi inayoingia kwenye elbo (kiungo cha kona) ya ukutani. Funga maji kwenye geti valvu (valvu ya kufungia maji), kisha ufungue koki iliyo chini zaidi ili yaliyobaki katika bomba yatoke. Ukishaing'oa koki ya zamani, ondoa mabaki yote ya tepu au katani kwa brashi ya waya na ukaushe tredi vizuri, kwa maana tepu mpya ikiwekwa juu ya kuukuu haikai.

Shika koki kwa mkono wa kushoto, mdomo wa tredi ukikuelekea, uzungushe tepu kwa mkono wa kulia kufuata mwendo wa akrabu za saa. Ukizungusha kinyume, koki inapoingia huivua tepu na kuikunja mdomoni mwa jike, na hapa ndipo kazi nyingi za haraka huharibika. Acha tredi ya kwanza wazi, la sivyo vipande vitakatikia ndani na kusafiri na maji hadi kwenye chujio. Ivute tepu kiasi cha kuzama katika mifereji mpaka umbo la tredi lionekane, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mizunguko 3 hadi 5 inatosha, ingawa tepu nyembamba mno huhitaji zaidi. Ikate kwa kuivuta, kisha uilaze kwa kidole gumba.

Ingiza koki kwa mkono hadi igome, ndipo utumie spana. Ikiwa elbo ni ya plastiki, jizuie: tepu nyingi hulipanua jike mpaka lipasuke, na ufa ulio ndani ya ukuta maana yake ni kubomoa vigae. Koki ikikaza huku imeangalia pembeni, usiirudishe nyuma hata kidogo, kwa sababu tepu iliyokwisha kubanwa haijazi tena nafasi iliyoachwa. Iendeleze mbele hadi ikae wima, au uitoe, uisafishe na uifunge upya.

Mipira ya kuunganishia sinki, pamoja na yunioni (kiungo cha nati kinachofunguka bila kuzungusha bomba), haihitaji tepu, kwani kinachozuia maji huko ni washa (kipete cha mpira) au nyuso mbili zinazobanana. Tepu ya maji pia isitumike kwenye gesi, ambayo ina tepu yake nzito ya njano.

Rudisha maji polepole, kisha upitishe tishu kavu chini ya kiungo, maana unyevu ambao jicho halijauona utaonekana hapo. Kwenye mitaa ya mgao, ambako maji huja na nguvu usiku, kagua tena saa hizo. Tone likijitokeza kwenye elbo ya plastiki, usilikimbilie kwa spana. Funga maji, toa koki, na uanze na tepu mpya.